Kwenda na mwezi: namna ya kuzisoma awamu zake kinajimu katika shughuli za kila siku

Wengi wakisikia neno unajimu hukimbilia nyota yao ya kuzaliwa, ile inayotokana na jua. Lakini jua hukaa karibu siku 30 katika nyota moja, kwa hiyo habari zake ni pana mno kumsaidia mtu anayetaka kujua aipangeje Jumanne yake. Mwezi ni jambo jingine. Huzimaliza nyota zote 12 kwa siku 27 na theluthi hivi, na sura yake hubadilika kila usiku mbele ya macho yako. Unatoka nje, unainua kichwa, umeshaanza kusoma.

Nimeufuata mwezi kwa miaka kadhaa, daftari mkononi, na hapa naeleza ninavyofanya. Jambo moja ningependa ulishike tangu sasa: faida kubwa niliipata kwenye mwezi unaopungua, siyo kwenye ule unaokua ambao kila mtu anaupenda. Tu hodari wa kuanza mambo. Kumaliza, kulipa, kuaga na kupumzika ndiko kunakotushinda, na nusu ya pili ya mwezi imetengewa kazi hiyo hasa.

Unajimu ni lugha ya alama iliyorithiwa. Sayansi haijathibitisha kwamba mwezi humpa mtu bahati au mkosi, na mimi sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba kalenda inayoonekana angani, yenye kupanda na kushuka, humfunza mtu kuwa na kiasi.

Hatua ya 1: Ujue mwezi uko wapi leo

Kabla ya maana, macho. Toka nje jua linapotua. Mwezi ukiwa umeshapanda juu angani saa hiyo, unakua. Usipouona, amka alfajiri. Ukiukuta bado uko juu jua likichomoza, unapungua. Usitegemee upande uliong'aa, kwa sababu hapo wengi hupotea: kaskazini ya dunia mwezi unaokua hung'aa upande wa kulia, kusini upande wa kushoto, na karibu na ikweta hulala kama mtumbwi.

Saa nazo zinasema. Robo ya kwanza huchomoza karibu saa sita mchana na kutua karibu saa sita usiku. Mwezi mpevu huchomoza jua likitua na kukesha angani mpaka asubuhi. Robo ya mwisho huchomoza karibu saa sita usiku, ndiyo maana wengi hawaifahamu: wamelala. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi.

Ukitumia kalenda au programu ya simu, angalia mambo mawili. Kwanza, saa inayoonyeshwa ni ya wapi? Baadhi huandika saa za Greenwich, nawe inabidi uongeze au upunguze kulingana na ulipo. Pili, "mwezi mpya" wa kalenda siyo mwezi kuandama. Kalenda huandika dakika ambayo mwezi na jua vinakutana upande mmoja wa mbingu, na wakati huo mwezi hauonekani kabisa. Hilali huonekana jioni ya kesho yake au ya siku inayofuata. Mimi nauita ule wa kwanza mwezi giza, na wa pili mwandamo, ili nisivichanganye. Tangu giza moja hadi jingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44.

Hatua ya 2: Ugawe kwanza nusu mbili

Usirukie awamu nane. Kaa mwezi mzima na nusu mbili tu: unaokua na unaopungua. Wahindi wana majina yake, shukla paksha kwa nusu ya nuru na krishna paksha kwa nusu ya giza, na kila nusu wameigawa sehemu 15 ziitwazo tithi, kila moja ikiwa ni nyuzi 12 za mwezi kujitenga na jua. Kanuni ni ileile karibu kila mahali unajimu ulipopita: unachotaka kiongezeke kifanye mwezi unapokua, unachotaka kipungue kiache kwa mwezi unaopungua.

Ptolemy wa Alexandria, mnajimu na mwanafalaki aliyeandika katika karne ya 2, aligawa mara nne. Kutoka giza hadi robo ya kwanza alisema mwezi huzalisha unyevu. Kutoka hapo hadi upevu, joto. Kutoka upevu hadi robo ya mwisho, ukavu. Na kutoka hapo hadi giza tena, baridi. Nayapenda maneno yake manne kuliko maelezo marefu ya siku hizi. Mbegu hutaka unyevu, kisha joto la kuikuza. Mavuno hutaka ukavu. Na shamba lililovunwa hupumzika katika baridi. Ukiyaweka maneno hayo kichwani, nusu ya mwongozo huu umeshaimaliza.

Bahari nayo inatoa ushahidi wa aina yake. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, siku za mwezi giza na siku za mwezi mpevu, pale jua, dunia na mwezi vinapojipanga mstari mmoja. Kwenye robo zote mbili maji huwa mafu, yaani hujaa na kupwa kidogo tu. Ajabu ni kwamba wanajimu huzisoma robo kinyume cha bahari: maji yametulia, wao wanasema ndiyo siku za mvutano, kwa kuwa mwezi na jua vimeachana kwa nyuzi 90.

Hatua ya 3: Sasa awamu nane

Mgawanyo wa awamu nane kama hali nane za maisha ulienezwa sana katika karne ya 20 na Dane Rudhyar, mnajimu mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani. Kila awamu huchukua siku tatu na robo tatu hivi.

Mwezi giza ni wa kunyamaza na kunuia. Usitangaze chochote. Andika jambo moja, siyo kumi, na uliandike kama tendo: badala ya "nataka afya", andika "nitatembea nusu saa kila jioni". Mimi huacha karatasi ile ikae mpaka hilali ionekane, ndipo nianze kutenda. Siku hizo mbili za katikati huwa zinanionyesha kama nia ilikuwa yangu au nimeiazima kwa mtu.

Hilali ni hatua ya kwanza yenye uzito. Hapa mazoea ya zamani hukuvuta nyuma, na unajimu unalitambua hilo: awamu hii inahusishwa na kujinasua. Chagua tendo dogo mno lisiloweza kukushinda, kisha lirudie.

Robo ya kwanza ni ya kuamua. Karibu wiki imepita, na kikwazo cha kweli kimeshajitokeza: pesa hazitoshi, muda hautoshi, au mtu hakubaliani nawe. Wanajimu huiita siku ya mgogoro, lakini mgogoro huu ni wa kutenda. Ni siku nzuri ya kupiga ile simu uliyokuwa unaiahirisha.

Mwezi unaopevuka ni wa kurekebisha. Usianze jipya. Pitia, kaza, sahihisha.

Mwezi mpevu nitakaa nao kidogo, kwa sababu ndio unaosemwa sana na kueleweka kidogo. Jua na mwezi vinatazamana, nyuzi 180. Katika unajimu jua ni kile unachokikusudia na mwezi ni kile unachokihisi; vikikabiliana hivyo, kila kitu huonekana, pamoja na ulichokuwa umekificha. Ndiyo maana ni siku nzuri ya kukusanya watu, kutoa matokeo, kusherehekea, na siku mbaya ya kufanya uamuzi kwa hasira.

Usiku wa mwezi mpevu mmoja niliketi nikamwandikia dada yangu ujumbe mrefu. Nilikuwa nimeyahifadhi malalamiko ya miezi, nikayamwaga yote, nikautuma saa sita usiku. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilimfikia kwa ukali nisioukusudia. Ilituchukua wiki kadhaa kupatana. Tangu hapo nina desturi: ujumbe wa mwezi mpevu nauandika, kwa sababu ukweli hujitokeza vizuri siku hizo, lakini siutumi. Nausoma tena baada ya siku tatu, mwezi ukiwa umeanza kumegeka. Mara nyingi nabakiza mistari miwili, na hiyo miwili ndiyo iliyokuwa na maana.

Kuhusu usingizi, wengi husema hawalali vizuri mwezi ukijaa. Mwaka 2013 watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha matokeo ya watu 33 waliolala maabara bila kuuona mwezi, na wakakuta kwamba karibu na upevu walilala dakika 20 pungufu. Baadhi ya watafiti waliochunguza baadaye hawakupata hivyo. Basi usichukue neno la mtu. Andika saa zako za kulala, utajua mwili wako una habari gani. Kama kweli hulali, panga usiku huo mapema: kazi ya akili ikome jioni, pazia lifungwe, na mkutano mgumu usiwe kesho yake asubuhi.

Mwezi unaoanza kumegeka ni wa kugawa. Ulichokijua kielekeze, ulichokipata kitoe sehemu. Waalimu na waandishi huipenda awamu hii, nami pia.

Robo ya mwisho ndiyo kipenzi changu. Ni mvutano tena wa nyuzi 90, lakini safari hii mgogoro uko kichwani: lipi nililokuwa naliamini halinifai tena? Ipe kazi za mikono. Mimi huchukua droo moja ya meza, siyo nyumba nzima, naimwaga yote kitandani. Risiti, chaja ya simu niliyoshaigawa, barua ambayo sikuijibu, funguo ambazo sikumbuki ni za mlango gani. Kila kitu kinapewa mojawapo ya njia nne: kinarudi kwa mwenyewe, kinatumika wiki hii, kinatolewa, au kinatupwa. Hakuna "nitaona". Kisha naandika madeni matatu ambayo siyo lazima yawe ya pesa, yaani ahadi, shukrani au radhi, na nayalipa kabla ya giza. Mtu akinambia ana muda wa kufuata awamu moja tu katika zote, namwambia afuate hii.

Mwezi mkongwe, ule utambi mwembamba unaoonekana mashariki kabla ya jua, ni wa kupumzika na kuota. Nguvu zikipungua siku hizi, usijilaumu wala usijilazimishe. Punguza miadi, lala mapema. Kuanza biashara au safari ndefu sasa hakupendekezwi kinajimu, lakini kama tarehe imepangwa na wengine, nenda tu. Beba uchovu wako kwa kuujua.

Hatua ya 4: Angalia mwezi umo katika nyota gani

Awamu inakwambia la kufanya. Nyota inakwambia kwa hali gani. Mwezi hukaa siku mbili na robo hivi katika kila nyota. Huhitaji kukariri zote 12, anza na makundi manne. Moto, yaani Punda, Simba na Mshale: ari na haraka. Udongo, yaani Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi: pesa, mwili, kazi zenye utaratibu. Upepo, yaani Mapacha, Mizani na Ndoo: mazungumzo, barua, watu. Maji, yaani Kaa, Nge na Samaki: hisia, familia, machozi yaliyokaribia.

Kinajimu, mwezi uko nyumbani kwake katika Kaa na umetukuka, yaani una heshima kubwa, katika Ng'ombe. Katika Nge unahesabiwa kuwa umeshuka, yaani uko mahali pagumu kwake. Kwa hiyo mwezi mpevu ndani ya Nge ni mzito kuliko mwezi mpevu ndani ya Ng'ombe, na mtu mwenye hisia kali ataupokea kwa hadhari.

Hapa pana kanuni mbili nzuri ambazo huwa nawaonyesha wanaoanza. Mwezi giza siku zote huwa katika nyota ileile ya jua, na mwezi mpevu katika nyota inayoikabili: Punda na Mizani, Ng'ombe na Nge, Mapacha na Mshale, Kaa na Mbuzi, Simba na Ndoo, Mashuke na Samaki. Ya pili inatokana na hiyo. Nia uliyoiweka mwezi giza ukiwa katika Simba, kati ya mwishoni mwa Julai na Agosti, itakutana na mwezi mpevu wa Simba takribani miezi sita baadaye, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Mambo makubwa, kama masomo au kuhamia kazi nyingine, yapime kwa nusu mwaka huo. Wiki mbili hazitoshi, na wengi hukata tamaa kwa sababu walitegemea zitoshe.

Hatua ya 5: Upangie shughuli zako

Nywele unazotaka zikue, zikate mwezi unapokua. Unazotaka zibaki fupi, mwezi unapopungua. Mimea inayozaa juu ya ardhi hupandwa mwezi unaokua, na ile ya mizizi mwezi unaopungua. Palizi na kupogoa vinafuata upungufu. Kuweka akiba au kutafuta wateja kunafaa mwezi unaokua, kufunga hesabu na kumaliza deni mwezi unaopungua. Kuacha tabia kama sigara, wanajimu huweka siku baada ya upevu.

Kuna kanuni ya zamani kwamba kiungo cha mwili kisiguswe na chuma mwezi ukiwa katika nyota inayokitawala, kichwa kikiwa cha Punda na miguu ya Samaki, na viungo vingine kwa mpangilio kati yao. Nimeitaja kwa sababu utakutana nayo. Ila nakusihi: daktari akisema upasuaji ni kesho, upasuaji ni kesho. Dawa, homa ya mtoto, mimba na maumivu ya kifua havingoji mwezi. Hali kadhalika tarehe za mahakama na mikataba. Sheria haisomi nyota.

Utasikia pia habari ya mwezi mtupu. Ni muda kati ya mwezi kukamilisha pembe yake ya mwisho na sayari nyingine (umbali maalumu kati yao, kama nyuzi 90 au 180) na kuingia nyota inayofuata. Unaweza kuwa dakika chache au zaidi ya siku nzima. Husemwa kuwa kinachoanzwa humo hakifiki popote. William Lilly, mnajimu wa Uingereza wa karne ya 17, aliona makali yake hupungua mwezi ukiwa Ng'ombe, Kaa, Mshale au Samaki. Mimi huutumia muda huo kusafisha, kusoma na kutembea. Kujizuia maisha yote kwa sababu yake ni kujifunga kamba bila mfungaji.

Kupatwa kwa jua hutokea mwezi giza, na kupatwa kwa mwezi hutokea mwezi mpevu. Havitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi kutoka njia ya jua, hivyo misimu yake huja takribani kila miezi sita. Kinajimu, kupatwa ni awamu ya kawaida iliyoongezwa nguvu. Siku hizo sinuii kitu. Natazama kinachojileta chenyewe, naandika.

Hatua ya 6: Daftari kwa miezi mitatu

Bila daftari utakumbuka siku zilizolingana na ulichosoma tu, na kuzisahau zilizopingana. Weka mistari mitatu kila usiku: siku ya mwezi na nyota yake, saa ulizolala, na jambo moja lililotokea. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: "Siku ya 22 ya mwezi, Mapacha. Nimelala saa sita na nusu. Nimerudisha kitabu cha watu, nimejisikia mwepesi mpaka jioni." Inatosha.

Andika tukio kwanza, ndipo uitazame awamu. Ukianza kwa kusoma maana, utaliona tukio kwa miwani ya maana hiyo. Mwisho wa miezi mitatu panga kurasa kwa awamu, zote za robo ya kwanza pamoja, zote za upevu pamoja, na uzisome mfululizo. Yasiyokuhusu yafute bila huruma. Mimi, kwa mfano, sikuona tofauti yoyote kwenye mwezi unaopevuka, nikaacha kuupangia mambo.

Hatua ya 7: Tafuta awamu uliyozaliwa

Pata nafasi ya jua na ya mwezi siku uliyozaliwa. Programu yoyote ya unajimu itakupa. Zigeuze ziwe nyuzi za duara: Punda huanzia 0, Ng'ombe 30, Mapacha 60, na kuendelea kwa thelathini hadi Samaki 330. Toa nyuzi za jua kutoka za mwezi, na kama hazitoshi ongeza 360 kwanza. Tuseme jua liko nyuzi 20 za Mshale, yaani 260, na mwezi nyuzi 15 za Ng'ombe, yaani 45. Ukiongeza 360 unapata 405. Toa 260, inabaki 145. Kila awamu ina nyuzi 45, kuanzia mwezi giza kwenye 0: hilali 45, robo ya kwanza 90, unaopevuka 135, mpevu 180, unaomegeka 225, robo ya mwisho 270, mkongwe 315. Mtu wetu wa 145 ni wa mwezi unaopevuka, mrekebishaji wa kuzaliwa. Kama hujui saa ya kuzaliwa tumia saa sita mchana. Kosa halitazidi sana nyuzi 6 au 7, na utakuwa na shaka tu ukiangukia mpakani.

Awamu hiyo hukurudia kila siku 29 na nusu hivi. Itilie alama kwenye daftari, maana siku hizo unajimu huzihesabu kuwa zako. Mimi nilizaliwa mwezi mkongwe, siku mbili kabla ya giza. Kila zinapofika nazima simu mapema, na nikizipitia kurasa zake naona ndizo zenye mwandiko mzuri kuliko zote.